Bolti za Gurudumu la Mbele

Wakati wa vita, mtu wa Bukavu mwenye gari zima alikuwa analifuga kwa ajili ya askari. Wakilikuta linatembea, linakwenda nao. Kwa hiyo baba alilivunja letu mwenyewe. Kila uvumi wa askari ulipotoka upande wa Kavumu, alifungua magurudumu, akayasukuma chini ya kitanda, akaliacha gari juu ya matofali. Uvumi ukipoa, anayarudisha.

Haraka haraka haina baraka. Siku moja, kwa kiherehere, alikaza bolti mbili za gurudumu la mbele zikiwa zimekaa upande, akaharibu meno ya bolti hizo na ya matundu yake. Hakujali. Gari halikuwa na safari.

Kisha ikafika habari kutoka Mudaka: dada yake mkubwa, aliyemlea, tumbo limemkaza, anatapika, hawezi kusimama. Asipoletwa hospitali ya mjini, atakufa. Na taxi-bus zilikuwa zimeacha kwenda huko.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, mwenye mdomo. "Papa, hii motokari ilishakufa," nikamwambia.

Alifungua bolti moja nzima ya gurudumu la nyuma, likabaki na tatu. Akaichanja kwa msumeno wa chuma mifereji mitatu ya urefu, ikawa na makali. Akaipaka mawese ya jikoni, mama akinung'unika, akaiingiza kwenye kila tundu bovu ili ichonge meno upya: mbele kidogo, nyuma kidogo, anaitoa, anapangusa unga wa chuma, anarudia. Zile bolti mbili zilizoharibika alizifuata jino kwa jino kwa tupa ya pembe tatu. Baba huyu, ambaye chai ikichelewa nyumba nzima ilimsikia, hakufungua kinywa asubuhi yote. Nilimtazama mpaka ubishi ukanitoka. Sijaona tena mikono yenye subira namna ile.

Bolti ziliingia kwa vidole tu, ndipo akazikaza. Tukaenda Mudaka, tukavuka vizuizi kwa bahati, tukamfikisha shangazi hospitalini akiwa hai. Madaktari wakampokea.

Tulipotoka, askari walikuwa wamelizunguka gari. Mmoja alinyoosha mkono, baba akampa ufunguo. Mwenye nguvu mpishe. Mimi nilifurahi kimoyomoyo: bolti zile zitawaonyesha! Lakini baba akamfuata yule aliyekaa kwenye usukani.

"Chef, hizi boulons mbili za mbele ni za kutengeneza. Ukienda kidogo, simama, uzikaze tena. Usisahau."

Nikawaka. "Papa! Juu ya nini umebaambia? Ungeacha mupira ichomoke!"

Alikuwa bado anaangalia gari letu likishuka barabara.

"Mupira ikichomoka haichague mutu," alisema. "Mu njia muko bamama na mizigo."