Kompyuta Nyembamba na Ua wa Minyaa

Bega la kushoto la Gaudensia lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na waliomfahamu walijua sababu. Kwa miaka tisa alikuwa akibeba kompyuta mpakato ya chama cha wakulima kutoka Gitega hadi vilima vya mbali, akiandika makubaliano ya mipaka ya mashamba kati ya waliobaki nchini na waliorudi kutoka Tanzania. Ilikuwa mashine nene, nzito kama jiwe la kusagia, na chaja yake peke yake ingetosha kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mwezi wa Februari ilianguka kutoka kwenye baiskeli njiani kwenda Buraza, ikafa. Ofisi nzima ilisikitika, isipokuwa bega.

Lakini nafuu ile haikudumu. Thomas, mwenyekiti wa chama, alimwita akamweleza kwa upole kwamba itanunuliwa mashine moja tu, kwamba ni lazima idumu miaka mitano, na kwamba atakayeichagua ni yeye. Kisha, macho yakiwa dirishani, akaongeza:

"Mama Upendo, daktari ameshasema juu ya hilo bega. Ukichagua iliyo imara na nzito, utakaa nayo hapa ofisini. Watu wa vilimani watakuja wenyewe."

Watakuja. Neno hilo Gaudensia alilijua. Yeye na jamaa zake waliporudi kutoka kambi za wakimbizi za upande wa Kasulu, baba yake aliitwa mjini mara tatu, na mara zote tatu alikwenda kwa miguu, na fimbo yake. Maneno yake yaliandikwa, lakini hakuna aliyemsomea. Alipokwisha kuzikwa, ndipo wanawe walipoona kwamba karatasi ilitaja kijito ambacho hakikuwahi kupita shambani mwake. Tangu hapo Gaudensia alijiwekea kanuni moja: maneno ya mtu yaandikwe pale anapolima, naye ayaone kwa macho yake kabla ya kuweka kidole. Kukaa ofisini, kwake, kulikuwa sawa na kuiacha kazi.

Alikwenda dukani kwa Shaukat, ambaye babu yake aliuza vitambaa juu ya meza ileile ambayo sasa ilijaa simu na nyaya. Shaukat aliweka mbele yake mashine mbili. Moja ilikuwa nene, dada wa ile iliyokufa. Ya pili ilikuwa nyembamba kama daftari la shule, rangi ya majivu, na Gaudensia alipoiinua mkono wake ulipanda juu kupita alivyokusudia, kama mtu anyanyuaye ndoo akidhani ina maji.

"Hii iko ya watu wakubwa wa biashara," alisema Shaukat. "Wanaingia nayo kwa ndege. Moto ya betri yake inashika siku mzima."

"Baba Nazreen, ikipungukiwa kumbukumbu, itaongezwa?"

Shaukat akajikuna shingo. "Hapana. Hiyo imegandishwa ndani."

"Betri ikichoka?"

"Fundi wa hapa hawezi kuifungua. Labda Bujumbura."

"Na matundu ya nyaya mbona mawili tu, tena madogo hivi?"

"We Mama Upendo! Hata forodha ya Kobero haiulizi hivi!"

Nazreen, binti yake, alicheka nyuma ya kaunta. "Baba, mwache aende nayo. Hata kuku hushikwa kifua kabla ya kununuliwa."

Ikakubaliwa aichukue tangu Alhamisi hadi Jumatatu. Ikipata mkwaruzo, imekuwa yake. Nazreen alichukua kidude cha kupanua tundu, ambacho bila hicho waya wa printa usingeingia, akakifunga kwa uzi kwenye zipu ya begi. "Kidogo hivi ndicho kinachopotea kwanza," alisema.

Safari ilikuwa ya Giteranyi, kaskazini mwa Muyinga. Pale lami ilipokwisha, Gaudensia alipanda baiskeli ya abiria, na pale baiskeli iliposhindwa akashuka akafuata njia ya miguu. Kwa desturi, kwenye mwinuko wa mwisho alikuwa akisimama mara tano kubadilisha bega. Safari hii alisimama mara moja tu, na hiyo ilikuwa kupapasa begi kuhakikisha kwamba mashine imo. Wepesi wake ulimpa wasiwasi mpya: kitu kisichouma husahaulika. Hata hivyo alifika akiwa na pumzi, akaweza kumsalimu kila mtu kwa jina lake, na akakumbuka ni mara ngapi alikuwa amefika hapo akitamani kiti tu.

Aliyemwita alikuwa Paskazia, mjane aliyekulia Tanzania kama yeye, akarudi na watoto watatu baada ya kumzika mumewe huko. Shamba la mumewe lilipakana na la shemeji yake, Urbano, aliyebaki nchini miaka yote. Kati yao ulisimama ua wa minyaa, mrefu, umeshikamana. Paskazia aliamini kwamba ua haukuwa mahali pake, ila hakuwa na shahidi. Wazee wa kilima, wakiongozwa na Adriano, walikuwa wamekata shauri kwamba, kwa kukosa ushahidi, mpaka ubaki pale uliposimama ua.

Gaudensia aliandika asubuhi yote chini ya paa la Paskazia, wazee wakisema na Urbano akisikiliza. Aliona kwamba vitufe havikuwa na kina, na vidole vyake, vilivyozoea kuzama, vilikuwa kama vinagonga meza. Makosa yalikuwa mengi mwanzoni, machache baadaye. Mashine haikuvuma wala haikupata joto, na ile alama ya moto wa betri haikushuka hata nusu. Aliifunga ili kunyoosha mgongo, na alipogeuka akakuta Paskazia ameweka kibuyu cha maziwa juu yake.

"Yesu wangu! Nilidhani ni sinia," alisema Paskazia, akikiondoa haraka. Chini ya kibuyu ulibaki mkwaruzo mdogo, kama kucha ya mtoto. Gaudensia aliutazama, akafikiri juu ya Jumatatu, akafuta maziwa.

Katika kilima kile mpaka hausomwi ndani ya nyumba. Husomwa penye ua, watu wamesimama, jua likiona. Kwa hiyo saa sita mchana walitoka wote, wazee watano, Urbano, Paskazia na majirani. Gaudensia aliifungua mashine juu ya mikono yake, akaigeuza kama alivyofanya miaka tisa, ili kila mtu auone mstari wake.

Adriano akasogeza uso, akarudisha, akasogeza tena.

"Mi naona ndevu yangu tu," alisema. "Maneno iko wapi?"

"Mzee, unaandikwa humo na ndevu zako," jirani mmoja akadakia, na watu wakacheka.

Gaudensia alijitahidi kuongeza mwanga wa kioo hadi mwisho. Haikusaidia. Kioo cha ile mashine nzito kilikuwa hakina mng'ao, kama ukuta wa udongo, na jua halikukiweza. Hiki kilikuwa kioo cha kujitazamia. Hili hakulifikiria dukani. Alikuwa ameuliza juu ya kila tundu na kila skrubu, akasahau kwamba wanaonunua mashine za namna hii husoma wakiwa kivulini.

"Tusome ndani," mzee mmoja akapendekeza.

"Ndani, hapana," Adriano akakata. "Neno yenye haikuonekana hapa, haikusemwa."

Ndipo Paskazia alipofungua kitenge chake cha pili kutoka mabegani, akakitupa juu ya kichwa cha Gaudensia na mashine pamoja. Chini ya kitenge herufi zikajitokeza, nyeusi, tulivu.

"Aingie mmoja mmoja!" Gaudensia aliita kutoka humo.

Adriano akaingia kwanza. "Adriano amekwenda kujifukiza!" mtu akapaza sauti. "Usisahau majani ya mkaratusi, mzee!" Alitoka akitabasamu, akathibitisha kwamba maneno yake yalikuwamo. Wazee wengine wakafuata.

Urbano aliingia wa mwisho. Alijua kusoma, akasoma taratibu, midomo ikitembea. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja: *Mpaka ni ua wa minyaa uliopandwa na marehemu baba yao.* Hakikuondoka.

"Nani amesema baba aliupanda?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wazee. Nawe ulikuwapo, hukukanusha."

Gaudensia alisikia pumzi ya Urbano, na nje, kicheko cha watu.

"Yakisemwa yanapita na upepo," alisema Urbano. "Humu jina la baba limekaa." Akaondoa kidole. "Baba hakuupanda. Niliupanda mimi, mwaka wa pili ndugu yangu alipokuwa ng'ambo. Futa hapo. Rekebisha wewe, mama, kimyakimya."

Vidole vya Gaudensia vilikuwa tayari juu ya vitufe. Ingekuwa rahisi. Lakini lililosemwa chini ya kitenge lilikuwa sawa na lililosemwa ndani ya nyumba, na kesho lingeweza kukanwa.

"Siwezi, Mzee Urbano," alisema. "Mimi naandika kinachosemwa juani. Toka ukiseme, nami nitaandika papo hapo."

Urbano alitoka, uso umelowa jasho. Watu walianza mzaha, wakaukatiza walipomtazama. Alipenya kwenye pengo la ua, akaingia katika maharage yake mwenyewe, akahesabu hatua kumi na nane, akachakura majani kwa mguu hadi jiwe jeupe likaonekana. Akasimama juu yake.

"Mpaka wa baba uko hapa," alisema. "Ule ua ni wangu."

Paskazia hakupiga vigelegele. Alikaa chini palepale, kwenye udongo, akashika kichwa. Gaudensia alichuchumaa, akajifunika kitenge, akaandika sentensi upya; na wazee wakaingia tena, mmoja mmoja, safari hii bila mzaha. Jioni, baada ya karatasi kutoka kwenye printa ya senta ya biashara ya Giteranyi na vidole kuwekwa, chungu cha pombe ya mtama kiliwekwa kati ya Urbano na shemeji yake, wakavuta kwa mirija, bila kuzungumza sana.

Jumatatu Gaudensia aliiweka mashine mbele ya Shaukat.

"Kioo chake hakifai juani," alisema. "Vitufe havina kina. Ikiharibika hapa hakuna wa kuiponya, na kumbukumbu yake itakuwa ndogo kabla ya miaka mitano. Na ina mkwaruzo hapa, wa kibuyu."

Shaukat alishusha pumzi. "Basi unaacha. Mkwaruzo hiyo nasamehe. Nikuletee ile nene?"

"Nimekutajia kasoro zake, Baba Nazreen. Thomas nitamwambia hayohayo, na kwamba kila Ijumaa nitahamisha kazi yote kwenye flashi, ili ikifa isife na maneno ya watu. Sikusema siitaki."

Nazreen alilichukua begi ili aliandae, akalipima mkononi. "Mama Upendo, mbona limekuwa zito?"

Gaudensia akafungua zipu, ambayo bado ilikuwa na kile kidude kilichofungwa kwa uzi. Ndani, kimekunjwa vizuri, kulikuwa na kile kitenge, alichopewa na Paskazia.

"Hicho rudisha humo humo," alisema. "Jumatano nakwenda Buraza."