Maandazi Mekundu na Bibi Asiyekunywa Chai

Mwalimu wetu wa Kiswahili alifanya kosa moja kubwa mwaka huu: alinipa kona ya ubao wa matangazo niandike habari za vitafunwa vinavyouzwa getini. Mimi! Mtu ambaye darasani husimamishwa kabla hata sijacheka.

Makala ya kwanza ilihusu kachori. Nikaorodhesha kila kitu: viazi, unga, pilipili, kitunguu, na mafuta yaliyoanza kazi tangu tukiwa kidato cha kwanza. Ukurasa na nusu. Wenzangu wakasoma mistari mitatu, kengele ikalia.

"Mura, tuambie ni tamu au si tamu," wakanipigia kelele. "Hatukuja hospitali kusoma dawa imechanganywa na nini."

Nikakubali. Kuanzia hapo nikafuta viungo vyote, nikabaki na utamu na vichekesho. Bibi yangu, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu na ambaye hukagua kila ninachoandika, akanipa vema.

Kisha akaja mama mmoja na maandazi mekundu. Alihamia huku Genkuru na mumewe, mchimbaji wa dhahabu, kutoka Singida. Maandazi ya wengine ni meupe. Yake yana rangi ya udongo wa kichuguu uliolowa, na ukiyauma masikio yanacheza. Nikampelekea bibi mawili. Kesho yake akaniagiza manne.

"Haya yana asali," akatangaza. "Ulimi wangu haujazeeka."

Nani angembishia? Sisi tunasali Jumamosi, na bibi hajagusa chai wala kahawa tangu abatizwe. Hata msibani hubeba chupa yake ya maji moto. Kwa hiyo andazi la asali kwake lilikuwa baraka tupu. Wiki tatu alikula manne kila siku, halafu akaagiza ndoo nzima kwa ajili ya chakula cha Jumamosi, maana dada yake wa ng'ambo ya Sirari alikuwa anakuja na akina mama wa kanisa lake, watu ambao hata utani huuombea kwanza.

Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, nikapita kwa yule mama nione asali yake, niiandike. Nikamkuta anamimina sufuria ya chai ya rangi, nyeusi tii, juu ya unga.

"Shikamoo mama. Asali iko wapi?"

"Marahaba. Asali gani? Hayo ni majani ya chai, tangawizi na sukari. Nayachemsha mpaka yakasirike."

Nikaruka juu! Siri ya maandazi bora kuliko yote Tarime, na nimeiona mimi kwa macho yangu! Halafu nikamkumbuka bibi. Kwa hesabu yangu alikuwa ameshakunywa birika zima kwa kutafuna.

"Usiandike," mama akasema. "Wenzangu pale getini wataniiga kabla ya Jumatatu. Andika ni matamu, inatosha."

Na hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu mwenyewe! Nikinyamaza, bibi anafurahi, wageni wanafurahi, mama anauza. Hakuna wa kuumwa tumbo. Lakini siku nzima darasani nilimwona bibi kichwani mwangu akimpa dada yake andazi, akimwambia kwa kinywa chake, "Lina asali." Ikanishinda. Utani naupenda wote, ila huo ungekuwa utani ambao bibi hayumo.

Jioni nikampa makala. Mwishoni niliongeza sentensi moja: Yamekandwa kwa chai ya majani.

Bibi akasoma. Akavua miwani.

"Mura, huu ni utani?"

"Hapana, bibi. Nimeona mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu lile andazi la kwanza."

Akajifunga kanga, akatoka. Mimi nyuma yake, nikijua naenda kushuhudia vita na, Mungu anisamehe, nikifurahi kidogo. Lakini alizunguka kwanza nyuma ya nyumba, akakata fungu zima la mchaichai.

Yule mama aliposikia kwamba bibi hatumii chai, aliweka mwiko chini. "Shikamoo mama. Nisamehe, sikujua."

"Marahaba, mwanangu. Hujanikosea, sikukuuliza. Jua halijazama bado. Chemsha haya na sukari tu, badala ya hiyo chai yako, tuone."

Mama akakanda upya. Tukangoja unga uumuke, bibi akitazama jua kila dakika, maana likizama tu Sabato imeingia na hakuna kupika. Mimi nilipuliza moto mpaka macho yakatoka machozi. La kwanza likatoka na rangi hafifu, lakini ile harufu! Nikalitia mdomoni likiwa linachemka, nikapiga kelele kwa utamu na kwa kuungua, vyote pamoja. Ndoo ya wageni ikajaa kabla jua halijazama.

"Na huyu akiandika chai?" mama akauliza. "Si watajua wote?"

"Wajue majani," bibi akasema. "Vipimo si unavyo wewe? Ila mtu asiyetumia kitu, aambiwe kama kimo."

Jumatatu nikabandika ubaoni: Beseni la kushoto lina chai. La kulia lina mchaichai. Vipimo havikuhusu. Wenzangu wakasoma yote, na kengele bado!

Jioni bibi akaja getini mwenyewe. Akachukua mawili ya kulia, akasema ni mazuri sana. Kisha akalitazama beseni la kushoto, akameza mate, akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Hivi, ile tangawizi hawezi kuihamishia huku?"