Mafiga na Volti za Kinu

Mume wangu alikuwa na kinu cha kusaga mahindi Nyanchwa, nasi tuliishi vyumba viwili nyuma yake. Kwa ajili ya mota ya kinu tuliletewa stima ya nyaya nne: mwekundu, wa njano, wa buluu na mweusi. Mota ilitumia zile tatu za rangi. Taa ya chumbani ilitumia mwekundu na mweusi.

Alipougua kifua na kujua hatapona, kilichomsumbua ni ufunguo wa kinu. Ndugu zake walisema mwanamke hawezi kukaa na mashine ya nyaya nyingi. Sabato moja, kinu kimefungwa, akaniita jikoni.

"Leo si siku ya kazi," nikamwambia.

"Kufundisha mke si kazi, mama watoto. Ni adhabu."

Alikaa kwenye kigoda mbele ya mafiga. Penye majivu, katikati, ndipo waya mweusi, akasema. Kila figa ni waya wa rangi. Kutoka katikati hadi kwenye figa ni volti 240. Akanipa kamba ya mgomba nipime, nikaikata hapo.

"Na kutoka figa hadi figa?"

Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Nikajumlisha. "Mia nne na themanini."

"Pima."

Nikakata kamba nyingine kama ile, nikaziunga. Zikapita figa la pili.

"Yangekuwa mawili yanayotazamana, ungepata," akasema. "Haya ni matatu, yamezunguka. Ni 415. Na hizo nyaya hazipandi pamoja, zinapokezana."

Hiyo ya kupokezana sikuielewa, na hata leo siwezi kuieleza. Ya kamba niliielewa.

Tulimzika kijijini Gesima, kwa baba yake. Niliporudi Nyanchwa mdogo wake alikuja nami, akaniomba ufunguo ili asimamie kinu. Nikasema tutazungumza. Kabla hatujazungumza, taa ya chumbani ikakataa kuwaka. Akafungua kisanduku cha nyaya, akaona waya mweusi wa taa umechomoka.

"Huu mweusi ni maiti tu, shemeji," akasema. Kisha akakumbuka tumetoka wapi, akaelekeza kidole kwenye nyaya za rangi. "Naunganisha mwekundu na wa njano. Moto mara mbili, mwanga mara mbili."

"Usiunganishe. Balbu ni ya 240. Hapo kuna 415."

"Nani kakwambia?"

"Kaka yako."

Nikampeleka jikoni. Majivu yalikuwa baridi, maana hatukuwa tumepika hapo tangu msiba. Kamba ilikuwa bado dirishani, imekauka. Nikamweleza nilivyoelezwa. Alipima mwenyewe, akapima tena, akisukuma figa kana kwamba ndilo lililokosea. Mwishowe akaenda akazima swichi kuu, akaurudisha waya mweusi mahali pake na kukaza sukurubu. Taa ikawaka kama ilivyokuwa ikiwaka siku zote.

"Kaa na ufunguo," akasema. "Mimi nitabeba magunia. Hayo hayana volti."

Aliyabeba kwa miaka mingi, na sikumsikia tena akiutaja ufunguo.

Jioni ya siku ile ya taa, nilipobandika sufuria ya uji, ikayumba. Figa moja lilikuwa limesogezwa. Nikachukua kamba, nikapima kutoka katikati, nikalirudisha pale lilipokuwa mume wangu alipokuwa hai.