Mwethya wa Mtu Mmoja

Jembe lilimkata Syombua juu ya mguu siku aliyokuwa akitengeneza tuta lililobomolewa na mvua. Kazi ya matuta si ya mtu mmoja, na kila mtu wa milima ya Mbooni anajua hivyo. Zamani tuta lako likianguka, wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walifika alfajiri na majembe yao, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na kabla jua halijawa kali wamemaliza kwako wamehamia kwa jirani. Mwanzishaji alikuwa Syombua. Lakini huu ulikuwa mwaka wa 1990. Wengine walikuwa kaburini, wengine wamefuata mashamba mapana kule Kibwezi, Musyoka na watoto wengine wa Syombua wakiwa nao, na waliobaki walisema mgongo hautaki. Akachimba peke yake, akajikata peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia pole.

Alifunga jeraha kwa kipande cha leso. Alipoona mguu umevimba kama kibuyu, na kidole gumba akikiminya hakisikii, alichukua fimbo akapanda mpaka zahanati.

Sista Mbinya, muuguzi, msichana mpole, alimwona mlangoni.

"Karibu, Susu," akamwambia, kama wajukuu wanavyoita nyanya zao. "Umelipa pale dirishani?"

"Kulipa nini?"

"Serikali imesema siku hizi tugawane gharama, Susu. Hata kadi inalipiwa."

Syombua aliuangalia ukuta kutoka chini hadi juu. "Mawe haya yalitoka wapi?"

"Sijui, Susu. Nimeyakuta."

"Yalitoka kijitoni, juu ya mgongo wangu. Na maji ya kukoroga simiti pia. Mimi nimeshagawana. Sasa zamu ni ya serikali."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Ndolo, mzee mwenye kahawa nyingi, akamjibu huku ameshika risiti yake. "Mama Musyoka, mawe hayatibu malaria! Wakati wa bure tulikuwa tunapewa nini hapa? Tulipewa pole. Dawa imeisha, rudini wiki ijayo. Leo angalau sindano ziko."

"Ziko kwa nani?"

"Kwa mwenye kulipa."

"Basi hili ni duka, Ndolo. Mngeniambia tunajenga duka, ningebaki nyumbani nichemshe maharagwe yangu."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Ndolo. Lakini kicheko hakifungi jeraha. Sista alimweleza polepole kwamba asiye na uwezo anaweza kusamehewa, mradi asimame kwenye baraza ili naibu wa chifu amjue.

Siku ya baraza Syombua alikwenda, akaketi kwenye nyasi pamoja na wengine. Naibu wa chifu, bwana mmoja aitwaye Muli, alisema, "Wale maskini kabisa wasimame, tuwaone." Akasimama mzee mmoja kipofu. Akasimama mjane mmoja, leso ameivuta mpaka machoni. Watu wakawaangalia kama mbuzi wa mnada, huyu ana mbavu, huyu hana. Kalunde, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kuitikia wimbo wa Syombua, akamvuta nguo.

"Simama. Ni kusimama tu."

"Mimi nina shamba. Nina mbuzi."

"Basi uza mbuzi."

"Niuze mbuzi ninunue kilicho changu?"

"Ngai! Wewe ulizaliwa na mwiba mdomoni. Haya, acha nikulipie mimi."

"Kalunde, sufuria yako ilipochukuliwa, nani alikulipia?"

Kalunde akamwachia nguo. Sheria ya mwethya aliijua. Asiyefika kazini, wenzake huenda kwake wakachukua sufuria, awe mgonjwa awe mzima. Na sufuria haikombolewi kwa machozi wala kwa huruma ya mtu, inakombolewa kwa kazi. Ukishafanya kazi yako, wanawake wenyewe wanakuletea sufuria mpaka mlangoni, wanaimba, na hapo yamekwisha, hakuna wa kukusema. Hata ya Syombua ilichukuliwa mwaka alioanguka na homa. Alipopata nafuu alibeba maji kutwa nzima, jioni wakamletea kwa wimbo. Hakuna aliyemwita maskini.

Alirudi nyumbani akivuta mguu, na njiani akili ikatulia. Kumbe ni hivyo tu. Zahanati ni sufuria iliyochukuliwa. Na sufuria inajulikana inavyokombolewa.

Asubuhi alishuka kijitoni, akajaza mtungi, akaupachika mgongoni na mkanda kwenye paji la uso. Mlima ule ulikuwa mfupi walipokuwa wengi. Pale kwenye kona kali, ambapo zamani pumzi zilikuwa zikiisha, alianzisha wimbo. Akangoja. Njiwa aliruka kutoka kwenye mkaratusi. Mstari wa pili hakuuimba, kwa sababu huo ni wa waitikiaji, na mwanzishaji hajiitikii.

Aliuweka mtungi mbele ya mlango wa zahanati. "Nimekuja kukomboa," akasema.

Sista Mbinya hakuelewa kukomboa nini, lakini mfereji ulikuwa mkavu na pipa la maji lilikuwa tupu. Akachemsha maji yale kwenye jiko la mafuta ya taa, akatia chumvi, akapiga magoti, akaosha jeraha mpaka nyama nyekundu ikaonekana.

"Kuosha sitakuuliza risiti, Susu. Maji ni yako mwenyewe. Lakini sindano siwezi, nitaulizwa."

"Sindano ni mitungi mingapi?"

"Haihesabiwi kwa mitungi. Na huku kubeba maji ndiko kunakouua mguu. Kidonda kikifika mfupani, hospitali kubwa wataukata."

"Wewe osha," Syombua akasema. "Yangu nayajua."

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Ndolo akimpita njiani alikuwa akisema kwa sauti kwamba kiburi cha mama huyu kingelipa zahanati nzima kama kingekuwa pesa, na Syombua pumzi yake aliiweka kwa mlima. Ule mguu, kuoshwa kila siku kuliuokoa, lakini sindano isiyochomwa ilichukua chake. Kidole gumba kikawa cheusi, halafu kikaondoka. Mvua zilizofuata zilimkuta anatembea kwa upande kama kuku aliyefungwa kamba, lakini juu ya miguu yake miwili.

Sista akamwambia, "Umepona, Susu. Usilete maji tena."

Angeacha vipi? Kazi ya kukomboa haimalizwi na anayekomboa. Wanaomaliza ni wenzako, wakikuletea sufuria na wimbo. Kwa hivyo aliendelea, mtungi mmoja kila asubuhi, na watoto wa shule wakafikiri ameajiriwa. Jioni alikuwa akifagia mbele ya mlango wake, akatoa kigoda, akakaa akiangalia njia inayotoka zahanati. Kalunde alipita na kuni siku moja, wakasalimiana.

"Unangoja nani, Mama Musyoka?"

"Nyinyi," Syombua akasema.

Kalunde akacheka kidogo, akaweka kuni zake vizuri mgongoni, akashuka kwenda kwake.