Leso Juu ya Mahindi

Ijumaa hiyo nilikuwa nafundisha kitenzi "beat" katika darasa la sita, shule moja ya hapa Kitale. Ni kitenzi cha kila siku, na watoto walikijua kuliko nilivyotaka. Moyo hupiga. Mayai hupigwa kabla ya kumwagwa kwenye mafuta. Timu ya Bungoma imeipiga ya Kitale, na aliyetoa mfano huo alizomewa na nusu ya darasa. Kisha msichana wa dawati la mbele akasimama, akasema kwa Kiingereza safi kwamba baba yake humpiga mama yake. Nilimwambia sentensi iko sawa, akaketi. Hasira ilinipanda, na si kwa mtoto. Mgongo wangu mwenyewe ulikuwa unawaka chini ya sweta kwa mshipi wa mume wangu.

Kesho yake mimi na mume wangu tulikwenda kwa mama yake, karibu na Kamukuywa, kupiga mahindi. Mashine ni ya wenye mashamba makubwa. Sisi tunamwaga mahindi makavu juu ya turubai, vijana wanalizunguka na magongo, moja juu lingine chini, mpaka punje zitoke. Vumbi linakaba koo, na kelele zile huwezi kuzishinda kwa mdomo. Kwa hiyo mama mkwe wangu akitaka wasimame ili ageuze rundo, anafungua leso yake kiunoni na kuitupa juu ya mahindi. Magongo yote yanabaki hewani. Hakuna aliyewahi kuipiga leso ya mama.

Tulikuwa tunakunywa chai yowe liliposikika barabarani. Mtu amekamatwa na gunia la mahindi ya jirani. Vijana walitoka mbio na magongo yao, mume wangu mbele. Nilipofika, yule mtu alikuwa amejikunja chini, sikio limepasuka, mkono mmoja umegeukia kusikogeuka mkono. Walimpiga vilevile walivyopiga mahindi, moja juu lingine chini. Nilisikia mfupa ukivunjika. Tangu siku hiyo siwezi kuvunja kijiti cha kuwashia moto bila kuusikia tena.

"Huyu ni wa kumaliza tu, bana," kijana mmoja alisema. "Reteni petroli."

Niliwasihi wamwache, nikasukumwa mtaroni. Mama mkwe akapenya katikati yao, akafungua leso, akaitupa juu ya yule mtu.

Magongo yakabaki hewani. Sidhani kuna aliyefikiri lolote. Ni mikono tu iliyokuwa imezoea. Ila gongo moja lilishuka, likashuka tena, damu ikatokeza kwenye maua ya leso. Lilikuwa la mume wangu. Hata yule aliyetaka petroli alimshika mkono, akamwambia, "Si mama ametupa leso?" Ilibidi washikane watatu kumvuta nyuma.

Yule mtu aliondolewa hai, amebanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na jirani, kwenda hospitali.

Jioni nilimkuta mama mkwe akifua leso kwenye beseni. Aliisugua kwa muda bila kuniangalia.

"Mwanangu," akasema, "na wewe huko Kitale, nani hukutupia leso?"

Nilimwambia hakuna. Nikainua sweta. Alipitisha mkono wake wenye povu mgongoni mwangu, polepole, akalia kwa uchungu wa mtu aliyezaa.

Kulipokucha ilikuwa Jumapili, na hakwenda kanisani. Alijifunga leso ikiwa bado mbichi. Mwanawe alisimama mlangoni akituuliza tunakwenda wapi. Mama yake alimwambia apishe, naye akapisha. Tukapanda gari la Kitale, mimi na mama mkwe wangu, kwenda kutoa vitu vyangu.