Mbuzi ya Bi Zuhura

Glavu nyeupe zilinipa kiburi. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi watatu kushika vitu vya kale katika stoo ya makumbusho yetu, Mji wa Kale, nikaona mezani mbuzi ya kukunia nazi. Nikawaambia ina miaka mia mbili. Hata nazi iliyonasa kwenye meno yake nikaiita ushahidi. Wakaandika. Nikaifungia kikaratasi cha nambari kwa uzi.

Akaingia Bi Zuhura, mpishi wetu.

“Niwie radhi, mwanangu, nilikuja kuwaita chai nikaisahau mbuzi yangu. Niliinunua juzi tu, Marikiti.”

Akaikalia palepale, nambari ikining’inia, akaanza kukuna nazi ya wali wetu wa mchana.

Mwanafunzi mmoja akainua kalamu. “Mwalimu, na tui nalo tuliandike la miaka mia mbili?”