Utabiri wa Mwisho wa Verlon Stamper

Mjini Dunmore, mtu akitaka kujua nani atashinda mechi ya Birika, hufungua gazeti la Alhamisi, akasoma alichotabiri Verlon Stamper, kisha akaamini kinyume chake. Verlon mwenyewe anajua. Siku moja alikuwa kwenye foleni ya benki akamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Huyo ndiye," kwa sauti ile ile watu wanayotumia kuonyeshana nyumba iliyoungua.

Kazi yake hasa ni kutengeneza mashine za kukatia nyasi na misumeno ya injini. Ni fundi mzuri, na hakuna anayebisha. Lakini binadamu haridhiki na alichojaliwa. Enzi za ujana wake alivaa jezi ya Nungunungu, timu ya chuo chetu, msimu mzima, na katika msimu huo aliingia uwanjani mara moja tu, kumpelekea mwamuzi taulo. Akaona hiyo inatosha kumfanya mjuzi wa mpira wa yai, huu wa kukimbia nao mkononi. Twyla Combs, mhariri wa gazeti la wilaya, alikuwa na pembe ya ukurasa iliyobaki tupu, akampa. Tangu hapo kila vuli Verlon hutabiri, na mechi za kawaida hupatia na kukosea kama mtu mwingine yeyote. Inayomuumbua ni hii moja ya kufunga msimu, dhidi ya Mwewe wa chuo cha Ansel, ng'ambo ya mto.

Tunagombea birika la chuma, kuukuu, lenye kutu, ambalo hata mnunuzi wa vyuma chakavu angesita kulipokea. Anayeshinda hukaa nalo mwaka mzima. Jioni ya ushindi kahawa huchemshwa humo, kwenye ngazi za kanisa, na kikombe cha kwanza hupewa mtu aliyeusaidia ushindi kuliko wote. Kwa miaka tisa kahawa hiyo ilinywewa Ansel, na kwa miaka tisa hiyo hiyo Verlon aliandika kwamba safari hii Ansel wanakiona cha mtema kuni.

Sababu hakukosa. Mwaka mmoja ulikuwa upepo wa mtoni. Mwaka mwingine kocha mpya. Mwaka mwingine aliandika kwamba mrushaji mipira wa Ansel ana macho ya mtu mwenye mawazo mengi. Kijana akatulia na mawazo yake, akatufunga mpaka watu wakaanza kuondoka wakati wa mapumziko. Hapo ndipo maneno kwamba Verlon ana nuksi yalipoanza. Verlon aliyasikia, akayacheka kwa sauti, ila alipofika nyumbani hayakumchekesha tena.

Msimu huu, wiki ya Birika ilipoingia, Twyla alimpitia kwenye kibanda chake cha ufundi.

"Verlon, kaka yangu, sina njia nzuri ya kulisema hili," alisema. "Mwaka mpya ukurasa wa michezo unafungwa. Hakuna wasomaji wa kutosha."

"Kwa hiyo Birika ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo ya mwisho. Kama una mpango wa kupatia, patia sasa."

Alisema kwa utani, ila maneno yalimwingia. Alipobaki peke yake na mashine za watu, Verlon alijikuta anataka kitu kimoja, na alikitaka kama mtoto: kupatia Birika mara moja, gazetini, kwa jina lake, kabla pembe yake haijafungwa.

Na mwaka huu aliiona. Hakuwa na ile homa ya kila msimu. Mechi ilimkaa kichwani wazi kama injini iliyofunguliwa mezani. Yale mapande ya watu ya Ansel, yanayosimama mstari wa mbele, yalikuwa yamehitimu na kuondoka. Waliowarithi ni wanene, lakini robo ya tatu ya mchezo pumzi huwaishia. Pointi zingekimbizana mpaka mwisho, na mwisho ungekuwa mguu wa Dewey Fugate, kijana mwembamba anayetupigia mpira kati ya nguzo, teke linalolipa pointi tatu. Jumatatu, mezani, alimweleza mkewe, Oneida.

"Tutashinda kwa pointi tatu. Dakika za mwisho. Mguu wa Dewey."

"Ongeza maharage," Oneida alisema. "Mkate wa mahindi upo kwenye jiko."

Kesho yake Hobart Fugate alitia mguu kibandani. Huyu ni mpeleka barua wetu, shemasi wa kanisa, na babu yake Dewey. Hakuja na mashine yoyote mbovu, na Verlon akajua hapa kuna jambo.

"Umeshaandika?" Hobart aliuliza.

"Bado. Kesho asubuhi."

"Utaandika nini?"

"Lisome gazeti Alhamisi, kama wenzako."

"Mimi ndiye ninayelisambaza, Verlon. Nataka nijue ninasambaza nini."

Alivua kofia, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mtoto hali," alisema. "Tangu Jumapili. Bibi yake kamkaangia kuku, kampikia pai ya tufaha, anavitazama tu. Jana nikambana. Unajua kaniambia nini? Kasema, 'Babu, Mwewe siwaogopi. Namwogopa mzee Stamper.'"

"Mimi? Nimemfanya nini?"

"Mwaka jana uliandika ana mguu wa dhahabu. Akagonga nguzo."

"Ile nguzo, Hobart, upepo ulikuwa..."

"Verlon."

"Tuandikie tutashindwa," Hobart alisema. "Tena vibaya. Tena mtaje Dewey kwa jina, umseme."

"Huo ni ushirikina. Wewe ni shemasi."

"Mimi ni shemasi Desemba mpaka Oktoba. Novemba ni babu wa mpigaji."

Verlon alitaka kumwambia: hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho, na safari hii najua. Aliyapanga maneno hayo mdomoni, akayasikiliza kabla hayajatoka, akasikia yanavyochekesha. Safari hii najua. Ni nani ambaye hajawahi kuambiwa hivyo na Verlon Stamper? Alikasirika, kisha akaona haya kwa kukasirika, kwa sababu mbele yake alikaa mtu mzima anayemwombea mjukuu wake hamu ya kula.

"Haya," alisema. "Nenda kamwambie ale."

Asubuhi aliandika: Ansel thelathini na nne, Dunmore sita, na huyo kijana Fugate angefaa abaki nyumbani kumsaidia bibi yake kufagia majani. Alimsomea Twyla kwa simu, naye akaomba arudiwe.

"Verlon, unaumwa?"

"Chapisha tu, mama."

Alhamisi kama hiyo hajawahi kuiona. Mama wa mkahawani alimkatia kipande cha pili cha pai bila kuombwa. Madereva walimpigia honi. Mchungaji alimshika mkono akasema ameyasoma maneno yake na yamemjenga. Miaka yote aliandika kwa moyo wake wote na hakuna aliyempungia mkono. Ameandika uongo mara moja, kawa mpenzi wa mji. Pai ilikuwa nzuri, ila hakuimaliza.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu na baridi ya kukata masikio. Verlon na Oneida walikaa kwenye mabenchi ya mbao, blanketi moja magotini. Robo ya tatu, wale wanene wa Ansel walisimama wameshika magoti, wakihema. Verlon akampiga mkewe kiwiko. Robo ya nne pointi zikafungana, na muda ulipokuwa unayoyoma, kocha akamwita Dewey. Verlon hakuweza kuangalia. Alimwangalia Hobart, safu mbili chini, naye Hobart alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha uwanja mzima ukanyanyuka kwa kelele, na Verlon akajua kwamba mpira umepita kati ya nguzo.

Pointi tatu.

Kwenye ngazi za kanisa birika lilitokota, nusu ya mji ikalizunguka. Hobart alimimina kikombe cha kwanza, akampelekea mjukuu wake. Dewey alikuwa na mkate wa nyama mkono huu na mwingine mkono ule, anatafuna kama mtu aliyefungua mfungo. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidevu.

"Mpeni mzee Stamper."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakamsukuma Verlon mbele kwa upendo wote, wakadai aseme neno. Alisimama na kikombe kikimchoma vidole. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Akamwona Dewey anamtazama, shavu limejaa mkate, amefurahi.

"Asanteni," Verlon alisema. "Nimekosea, kama kawaida yangu."

Wakashangilia zaidi kuliko walivyoshangilia mpira. Aliporudi kwa Oneida alimwinamia sikioni.

"Wewe unajua. Jumatatu nilikwambia. Pointi tatu, dakika za mwisho, mguu wa Dewey. Nilipatia, Oneida. Wewe ndiye shahidi yangu."

Oneida alimfunga skafu vizuri shingoni.

"Ulisema, mume wangu. Lakini kila mwaka unaniambia tutashinda. Mwaka juzi pia ulisema mguu."

"Mwaka juzi nilikuwa nabahatisha. Mwaka huu nilikuwa na utulivu. Niliiona."

"Mwaka juzi hukuwa na utulivu?"

Verlon alifungua mdomo amjibu. Aliikumbuka ile jioni ya mwaka juzi, meza ile ile, maharage yale yale, na jinsi alivyokuwa ametulia tuli huku akimweleza kwamba safari hii anaiona wazi kabisa. Akanywa kahawa, iliyokuwa chungu na yenye ladha ya kutu, kisha akampa mkewe kikombe amalizie.